Pande 5 na 9: upande wa tatu unaweza kuwa na urefu gani?

Swali limetoka kwa fundi seremala wa Langoni, Lamu:

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko gredi ya nane. Alipewa swali hili: pembetatu ina pande mbili za sentimita 5 na sentimita 9, na upande wa tatu ni namba kamili. Taja urefu wote unaowezekana. Yeye akaandika kuanzia 4 mpaka 14. Mwalimu wake akakata 4 na 14. Nikachukua bikari yake nikachora mwenyewe: 5, 9 na 14. Pembetatu imetoka! Nyembamba, lakini ipo, nimeiona kwa macho yangu. Jirani yangu naye asema hapo hapahitaji orodha, ni Pythagoras tu na jibu ni moja. Sasa nani yuko sawa?"

Marahaba, fundi.

Mwalimu wa binti yako ndiye aliye sawa. Majibu ni 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12 na 13, tisa kwa jumla. 4 haimo na 14 haimo. Jirani yako amemwita Pythagoras, yule wa kanuni ya pembetatu zenye pembe ya digrii 90, kwenye kesi isiyomhusu, nitamrudia baadaye. Ila lililonifanya nikae kitako niandike kwa urefu ni hiyo pembetatu yako. Hukuleta ubishi wa maneno. Ulishika bikari, ukachora, na kitu ukakiona. Mtu aliyeona kwa macho yake hatoshelezwi na "kitabu kimesema". Lazima aelezwe alichokiona ni nini.

Twende na vitu vya karakana kwanza. Chukua fito mbili, mmoja wa sentimita 9 na mwingine wa sentimita 5, uziunganishe nchani kwa msumari mmoja, usikaze sana, ili ziweze kufunguka na kufungika. Upande wa tatu ni ile nafasi iliyo kati ya ncha mbili zilizo huru. Funga kabisa: ufito mfupi unalala juu ya mrefu, na kutoka ncha hadi ncha ni 9 toa 5, yaani 4. Anza kufungua, nafasi inapanuka: inapita 5, 6, 7 na kila desimali iliyo katikati, hairuki hata moja. Endelea mpaka fito zinyooke mstari mmoja. Hapo nafasi imefika 14 na ndio mwisho wake. Ukizidi kusukuma, fito zinaanza kufungika kwa upande wa pili na nafasi inarudi kupungua.

Kwa hiyo 4 na 14 ni mahali ambapo fito zote mbili zimelala juu ya mstari mmoja. Wako wanaoiita hali hiyo pembetatu iliyolala, na katika hesabu za juu jina hilo lina kazi yake, lakini kitu hicho hakina ndani. Eneo lake ni sifuri, pembe zake mbili ni sifuri na ya tatu ni digrii 180. Shuleni pembetatu ni umbo la nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, basi mipaka yote miwili inatoka nje. Binti yako anatakiwa aandike "kubwa kuliko 4 na ndogo kuliko 14", bila ile alama ya "au sawa na".

Kanuni yenyewe ni hii: upande wowote wa pembetatu ni mfupi kuliko jumla ya pande nyingine mbili, na ni mrefu kuliko tofauti yao. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwanafunzi aliyeshika ile ya jumla peke yake huorodhesha 1 mpaka 13 na kuridhika. Mwambie ajaribu 3: 3 na 5 ni 8, hazifiki 9, fito mbili fupi zinanyoosheana mikono juu ya ile ndefu na hazishikani. Binti yako hilo hakulikosea. Alijua kabisa mipaka iko wapi, kosa lake ni kuiingiza ndani, na kati ya makosa yote ya swali hili hilo ndilo lenye heshima.

Ukitaka kuliandika kwa x, masharti ni matatu. 5 + 9 > x, hilo linatoa x < 14. 5 + x > 9, hilo linatoa x > 4. Na 9 + x > 5, ambalo ni kweli wakati wote, halikuongezei chochote. Ndiyo maana ukipewa namba tatu tayari, mathalani 6, 7 na 12, huna haja ya kujumlisha mara tatu. Chukua mbili ndogo, zijumlishe, uzilinganishe na kubwa. 13 inazidi 12, pembetatu ipo, kazi imekwisha.

Na kwa nini jumla ya pande mbili ni lazima izidi wa tatu? Kwa kuwa mstari ulionyooka ndio njia fupi, na anayepitia kona huenda mbali zaidi. Jambo hili ni dhahiri kiasi kwamba lilileta kejeli zamani. Euclid, mwanahesabu Mgiriki wa kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, alilithibitisha katika kitabu chake cha kwanza, hoja ya 20. Proclus, mwanafalsafa aliyeandika katika karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka Euclid kwa kujisumbua: hata punda analijua hili, walisema, kwani mwekee majani upande wa pili ataenda moja kwa moja, hatazungukia kona. Nyinyi wa Lamu mnaopishana na punda vichochoroni mnaweza kuwa mashahidi. Proclus aliwajibu kwamba kuona jambo kuwa ni kweli ni kitu kimoja, na kutoa sababu yake ni kitu kingine.

Sababu ya Euclid ni fupi na fundi ataipenda. Una pembetatu ABC. Refusha upande BA upite A mpaka nukta D, urefu wa AD ukiwa sawa na AC. Sasa BD ni BA na AC zikiwa zimenyooshwa. Unganisha D na C. Pembetatu ndogo ACD ina pande mbili sawa, kwa hiyo pembe yake ya D ni sawa na ile ya ACD. Lakini pembe BCD ni kubwa kuliko ACD, maana imeibeba ndani yake na kuongeza. Basi BCD ni kubwa kuliko pembe ya D. Na katika pembetatu yoyote, pembe kubwa hutazamana na upande mrefu. Kwa hiyo BD ni ndefu kuliko BC, ndiyo kusema BA na AC kwa pamoja zinaizidi BC.

Sasa ile pembetatu uliyoiona.

Umechora kitako cha sentimita 14. Umefungua bikari 5, ukasimamisha sindano upande mmoja ukapiga tao; ukafungua 9, ukasimamisha upande wa pili ukapiga tao jingine. Kwa haki, matao hayo yanatakiwa yagusane kwa nukta moja tu, juu ya kitako chenyewe. Kwako yalikatana juu kidogo. Mbona?

Tuseme bikari ilifunguka 5.05 badala ya 5, na 9.05 badala ya 9. Ni nusu milimita kila mara. Nusu milimita ni unene wa mstari wa penseli. Hakuna jicho litakalokulaumu, na bikari za shuleni zilizolegea msumari hukosea zaidi ya hapo. Sasa jumla ya pande zako mbili si 14 tena, ni 14.1. Imezidi kitako kwa milimita moja nzima, na kwa hiyo pembetatu halali imezaliwa. Je, kimo chake ni kiasi gani? Hapa watu wengi hukisia milimita moja, au chini yake.

Tupige hesabu kwa kanuni ya Heron, yule wa Alexandria, inayotoa eneo la pembetatu kwa kutumia pande tatu tu. Nusu ya mzingo: 5.05 na 9.05 na 14, gawanya kwa 2, unapata 14.05. Ukitoa kila upande katika hiyo unapata 9, 5 na 0.05. Zidisha zote nne: 14.05 mara 9 mara 5 mara 0.05 ni 31.6. Kipeuo chake cha pili ni 5.62, na hilo ndilo eneo kwa sentimita mraba. Kimo ni eneo mara mbili gawanya kwa kitako: 11.24 kwa 14, unapata 0.80.

Milimita nane! Ziada ya milimita moja imeinua kona ya juu kwa milimita nane, na hakuna asiyeziona milimita nane kwenye karatasi. Tuseme basi uko makini kupita kiasi, penseli umeichonga kama sindano, na ziada yote ni sehemu ya kumi ya milimita. Rudia hesabu ileile na kimo kinatoka milimita mbili na nusu, bado kinaonekana wazi. Ziada imepungua mara kumi, kimo kimepungua kama mara tatu tu, kwa kuwa karibu na mpaka kimo hufuata kipeuo cha pili cha ziada.

Na ingekuwa bikari imefungika nusu milimita badala ya kufunguka, matao yasingekutana kabisa, na leo ungekuwa umeniandikia kwamba kwa macho yako umeona haiwezekani. Macho yako hayakudanganya, fundi. Uliona pembetatu ya kweli, ila si ya 5, 9 na 14. Ilikuwa ya kitu kama 5.05, 9.05 na 14. Karibu na mpaka, mchoro hautoi hukumu. Mchoro unafaa kwa 7, unafaa kwa 10, lakini kwa 14 hukumu inatoka kwenye kujumlisha tu.

Jambo hilihili liko kwenye ramani ya pwani yetu. Pima kwa latitudo na longitudo, mstari ulionyooka: Lamu mpaka Malindi hapa nilipo ni kama kilomita 136, Malindi mpaka Mombasa kama 105. Bila kuangalia ramani, kanuni inakwambia Lamu mpaka Mombasa ni zaidi ya 31 na chini ya 241. Ukipima, unakuta kama 240. Ni kama kwamba Malindi iko juu ya mstari wenyewe, sivyo? Hapana. Mstari wa moja kwa moja kutoka Lamu hadi Mombasa unapita baharini, kama kilomita 12 mbali na mji wa Malindi. Safari nzima ya kilomita 240, ukipinda mpaka Malindi unaongeza kilomita moja na kitu tu, na bado kona hiyo imesogea kilomita 12. Ndiyo milimita moja na milimita nane zilezile.

(Usichukue kilomita za barabara kwa mfano huu. Gari la Lamu linazungukia Witu na Garsen, na Malindi hadi Mombasa kwa lami ni kama 120. Kanuni ya pembetatu inazungumzia mistari iliyonyooka.)

Wewe jambo hili umelishika kwa mikono mara nyingi, hata kama hukuwahi kuliandika. Fikiria kenchi. Chumba kina upana wa futi 16, na mtu amekuletea boriti za paa za futi 8 kila upande. 8 na 8 ni 16, paa linalala chapati, hakuna kenchi hapo. Sasa ongeza inchi moja kwa kila boriti. Nusu ya upana ni inchi 96, boriti ni inchi 97. Hapa Pythagoras anaruhusiwa kuingia, kwa sababu kimo kinashuka katikati na kufanya pembe ya digrii 90. 97 mara 97 ni 9409, 96 mara 96 ni 9216, tofauti ni 193, kipeuo chake cha pili karibu 13.9. Kwa inchi moja ya mbao, kilele kimepanda kutoka sifuri hadi karibu inchi 14. Chukua boriti zilezile, za inchi 96 na 97, juu ya chumba cha futi 14: kimo cha kwanza ni inchi 46 na nusu, cha pili ni 48 na nusu. Inchi ileile imeleta inchi mbili tu. Ndiyo sababu kenchi ya kulala sana inamtesa fundi, kila kosa dogo la kukata linajionyesha juu, wakati paa la makuti lenye mteremko mkali linasamehe. Kwa chumba hicho cha futi 14, ukitaka mteremko wa digrii 45 ili maji yasilale, boriti inataka karibu futi 10, na hapo uko mbali na mpaka.

Nimrudie jirani. Pythagoras anafaa pale tu unapojua kwamba kuna pembe ya digrii 90, na swali la binti yako halikutaja pembe yoyote. Hata tukimruhusu, hatoi jibu moja. Anatoa mawili. Ikiwa pembe ya digrii 90 iko kati ya 5 na 9, upande wa tatu ni kipeuo cha pili cha 25 + 81, yaani cha 106, kiasi cha 10.3. Ikiwa 9 ndio upande mrefu unaoitazama pembe hiyo, wa tatu ni kipeuo cha pili cha 81 − 25, yaani cha 56, kiasi cha 7.48. Hakuna hata moja lililo namba kamili, kwa hiyo katika majibu tisa ya binti yako hamna pembetatu ya pembe mraba hata moja. Jirani akibisha, mpe kalamu.

Ila nyuma ya wazo lake kuna kitu kizuri. Urefu wa upande wa tatu ni pembe iliyovaa nguo nyingine. Zile fito mbili zenye msumari: kila kiasi cha kufunguka kina nafasi yake moja, na kila nafasi ina kiasi chake kimoja cha kufunguka. Kanuni inayounganisha hivyo viwili inasema kipeo cha pili cha upande wa tatu ni 25 + 81 − 90 mara kosaini ya pembe iliyo kati (kosaini ni namba ambayo kila pembe inayo yake, kikokotoo kinakupa). Hiyo 90 ni 2 mara 5 mara 9, haihusiani na digrii. Wafaransa mpaka leo huiita kanuni ya Al-Kashi, kwa jina la Jamshid al-Kashi, mwanahesabu aliyefanya kazi Samarkand na kufariki mwaka 1429. Fungua fito digrii 60, kosaini ni nusu, unapata kipeuo cha 61, kama 7.8. Fungua digrii 90, kosaini ni sifuri, Pythagoras anajitokeza mwenyewe na 10.3 yake. Fungua 120, kipeuo cha 151, kama 12.3. Pembe ikikaribia sifuri, upande unakaribia 4. Ikikaribia 180, unakaribia 14. Orodha yote ya binti yako imo humo.

Ndiyo sababu pia pembetatu haichezi. Fremu ya mbao nne iliyopigiliwa kwenye kona hupinda ukiisukuma, mpaka uitie ubao wa mshazari. Huo mshazari unaigawa katika pembetatu mbili, na kila pembetatu ikishajua pande zake tatu, pembe zake zimefungwa.

Kwa upande wa mtihani, kuna maumbo machache ya swali hili ambayo nafikiri binti yako atakutana nayo.

La kwanza ni mtego wa pande mbili sawa. "Pembetatu ina pande mbili zilizo sawa, upande mmoja ni 4 na mwingine ni 9. Tafuta mzingo." Wanafunzi huandika majibu mawili, 17 na 22. Lakini 4, 4 na 9 haijengeki, 4 na 4 ni 8 tu. Jibu ni 9, 9 na 4, mzingo 22.

La pili ni la herufi. "Pande ni x, 2x na 12. x iko kati ya nini na nini?" Hapa hajui upande upi ni mkubwa, basi aandike masharti yote. x + 2x > 12, kwa hiyo x > 4. x + 12 > 2x, kwa hiyo x < 12. 2x + 12 > x halina la kusema. Jibu ni zaidi ya 4 na chini ya 12, na ikiwa ni namba kamili, 5 hadi 11. Aangalie sana maneno "namba kamili" katika swali. Yakikosekana, asitoe orodha, maana 4.1 nayo inajenga pembetatu, na 11.999 pia.

La tatu ni la mzingo, na hili unaweza kumfanyia kwa ubao wa karakana. Una kipande cha futi 12, unataka kukikata vipande vitatu vya futi kamili vifanye pembetatu. Njia ngapi? Siri ni kwamba upande mrefu kabisa lazima uwe chini ya nusu ya mzingo. Ukifika 6, viwili vilivyobaki jumla yake ni 6 na vinalala. Basi mrefu ni 5 au 4. Hauwezi kuwa 3, kwa sababu tatu mara tatu haifiki 12. Ukiwa 5, vilivyobaki vinagawana 7: 5 na 2, au 4 na 3. Ukiwa 4, vyote ni 4. Njia tatu basi: 5, 5 na 2; 5, 4 na 3; na 4, 4 na 4. Ile ya katikati, mafundi mnaijua tangu zamani kwa kusawazisha kona. Kwa mzingo ulio shufwa kuna njia ya mkato ya kuhesabu: zidisha mzingo kwa wenyewe, gawanya kwa 48, chukua namba kamili iliyo karibu. 144 kwa 48 ni 3. Kwa futi 24 utapata 12, na akitaka kuziorodhesha zote jioni moja, azifuate kwa kuanzia upande wa 11. Na ukiuvunja ubao ovyo mahali pawili bila kuangalia, uwezekano wa vipande vitatu kukubali kuwa pembetatu ni mmoja kwa manne tu, kwa sababu hiyohiyo ya nusu: mara nyingi kipande kimoja huizidi.

La mwisho ni kumpa njia ya kujikagua. Pande mbili zikiwa namba kamili, idadi ya majibu kwa upande wa tatu ni mara mbili ya ule mfupi, toa moja. Hapa 5 mara 2 ni 10, toa 1 ni 9. Ule mrefu hauna athari yoyote kwenye idadi. Ungekuwa 9 au 900, majibu ni tisa, yanahama tu mahali pake. Mpe 7 na 12 bila kumwambia chochote. Akileta majibu kumi na tatu, kuanzia 6 hadi 18, amepata. Akileta kumi na tano, mpelekee tena zile fito mbili na msumari.